Aliyeitika Ndani ya Trela

Jibu lilikuja kabla swali halijaisha.

Fundi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango wa trela, mkono mmoja ndani ya kikabati chenye swichi kuu. "Tayari?" akaita, na hajafunga mdomo sawasawa, sauti ya binti yake ikamjibu kutoka kule nyuma penye kitanda, upande wa pili wa pazia: "Tayari!" Akapandisha swichi. Taa zote zikawaka, nyeupe, bila kupepesa hata kidogo. Akajipongeza kimoyomoyo, akaanza kukusanya vifaa vyake. Ndipo geti la uani likalia na binti yake akaingia kutoka dukani, fyuzi mbili mkononi na chupa ya soda kwapani.

"Baba, umewasha bila mimi?"

Fundi akaliangalia pazia. Akamwangalia binti. "Si umenijibu?"

"Nikujibu nikiwa dukani? Nilikuaga, wewe ukaendelea kugonga nyundo yako." Binti akacheka, akakohoa kidogo. "Unazeeka, mzee wangu. Kesho utaniambia nimeshakupa wajukuu."

Fundi akacheka naye, kwa kuwa kucheka kulikuwa rahisi kuliko kufikiri. Hata hivyo alipanda ndani, akavuta pazia. Kitanda kilikuwa kitupu, godoro bado limefungwa nailoni ya dukani. Kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, basi, na fundi akajiambia imetoka kwenye viatu vyake.

Mtaani walimwita Fundi Tayari, naye hakuwa na la kujitetea. Mtu huyu hakuwasha hata taa ya chooni kwake bila kuuliza kwanza. Wateja walimcheka, mafundi wenzake walimwigiza vijiweni, akawaacha waigize, maana hawakuona alichokiona yeye. Miaka tisa iliyopita, binti yake akiwa na miaka kumi na saba na ndiyo kwanza anajifunza kazi, fundi aliwasha umeme bila kuuliza huku mtoto ameshika waya upande wa pili. Alipona. Alibaki na kovu jeupe linalokata kiganja cha kulia, na kila alipompa baba yake spana, baba yake aliliona. Mama mtu alikuwa ameshafariki. Fundi hakuwa na mwingine duniani. Tangu siku ile hakuna umeme uliopita mikononi mwake bila "Tayari?" yake na "Tayari!" ya binti. Ilikuwa ndiyo namna yake ya kumwambia mwanawe kwamba anampenda, kwa sababu kwa maneno yenyewe hakuwa hodari.

Trela lenyewe lilikuwa nyumba ndogo ya magurudumu, ya kufungwa nyuma ya gari na kwenda kupiga kambi: kitanda, jiko la gesi, sinki, pampu ya maji na taa sita. Mwenyewe alikuwa nesi mstaafu, mama mnene mcheshi, aliyelinunua likiwa limeshatumika ili yeye na mumewe wazunguke kidogo kabla magoti hayajagoma. Mume alikuwa safarini akitafuta gari la kulivuta. "Fundi, huu mlango unaning'ata," ndivyo nesi alivyolieleza tatizo. "Nikigusa kitasa tu, paa! Na taa zinakonyezana utafikiri zinanisengenya."

Fundi alilijua tatizo kabla ya kufungua begi. Trela linakaa juu ya matairi ya mpira, kwa hiyo bati lake lote limetengwa na ardhi. Umeme ukivuja kidogo hauna pa kwenda. Unakaa kwenye bati ukingojea mkono wa mtu. Dawa yake ni fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, na waya wa kijani kutoka kwenye bati hadi kwenye fimbo. Alikaza nyaya za taa zilizolegea, akachukua fimbo na nyundo, akapiga magoti kando ya gurudumu.

Kuna jambo moja hakumwambia mtu. Ardhi ya ua ule ilikuwa kavu, ngumu, ya kuvunja mgongo. Alipiga nyundo mara nyingi jasho likimtoka, na fimbo haikuingia hata shubiri. Halafu pigo moja, wala halikuwa kubwa, na fimbo ikazama. Ilishuka taratibu, yenyewe, hadi kikabaki kichwa chake tu juu ya ardhi, kama vile kuna mtu huko chini anaipokea. Fundi akashukuru, akafunga waya wake. Nani analalamika kazi ikiwa nyepesi?

Kesho yake, saa tano asubuhi, nesi alipiga simu, na sauti yake haikuwa na utani.

"Fundi, njoo. Taa ya kitandani haizimiki. Na ile pampu inanguruma wakati tangi halina hata tone la maji."

"Zima swichi kuu, mama."

"Nimeizima tangu jana, fundi."

Wakaenda. Njiani binti hakuimba kama kawaida yake. Baba alipomuuliza akasema koo limemkauka, labda ile soda ya baridi, na sauti yake ikakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta.

Jua lilikuwa la utosi. Lilichoma bati la trela kiasi kwamba ndani ilipasa pawe tanuri, lakini fundi alipopanda ngazi, baridi ilimpiga usoni. Harufu ya udongo mbichi ilikuwepo bado, na nyuma yake sasa kulikuwa na harufu ya maji yaliyolala muda mrefu bila kuona jua. Madirisha yalikuwa yamefunikwa. Nyuma ya pazia taa ya kitandani ilikuwa inawaka, si nyeupe tena, imekuwa njano chafu.

Fundi akafanya alichokijua. Akachomoa kebo inayoleta umeme kutoka nyumbani kwa nesi. Taa ikaendelea kuwaka. Akatoa fyuzi moja moja, akazipanga kwenye sinki. Taa ikaendelea kuwaka. Akafungua betri, akaibeba hadi uani, akaiweka juani kila mtu aione. Aliporudi, taa ilikuwa inawaka, na pampu ilikuwa inanguruma polepole, kwa vituo, inavuta na kuachia, inavuta na kuachia. Akatoa testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo kwenye mpini: ncha ikigusa kitu chenye umeme na dole gumba likiwa juu ya kichwa cha mpini, kitaa huwaka chekundu. Aliijaribu kwanza kwenye soketi ya jikoni kwa nesi, ikawaka. Akarudi, akagusa nyaya za taa ya kitandani, haikuwaka. Akaenda tena jikoni kuhakikisha testa haijafa, ikawaka. Basi waya haukuwa na kitu. Waya haukuwa na kitu, na taa ilikuwa inamwakia usoni.

"Naukata wenyewe," akasema, akijikaza. Binti alikuwa nje, amelala chali chini ya sakafu ya trela, ameushika ule waya upande wa pili ili usirudi ndani ukikatwa. Fundi akaweka koleo, na kabla hajabana, mazoea yakamtoka mdomoni: "Tayari?"

Akajibiwa mara mbili.

Sauti ya kwanza ilitoka ndani, hatua mbili tu kutoka pale alipopiga magoti, juu ya godoro lililofungwa nailoni, sauti safi, changa, yenye kicheko kwa mbali, sauti ileile aliyoilea tangu ilipokuwa ikililia maziwa, na nailoni ikakwaruza taratibu kama mtu anapogeuka kitandani. Na ya pili ikaja nyuma yake, kutoka nje, chini ya sakafu, imechakaa, imepasuka, ya mtu anayejikamua neno la mwisho alilobakiwa nalo, na ndiyo hiyo ya pili, fundi akaelewa huku vinyweleo vikimsimama na koleo likimponyoka, iliyokuwa ya mwanawe wa kweli.

Hakukumbuka alivyotoka. Alimkuta binti ameketi kwenye vumbi, mkono shingoni, midomo ikicheza na hakuna kinachotoka.

Nesi akamwingiza jikoni, akamwambia apanue mdomo, akammulika kwa tochi ya simu. Alikuwa amekaa wodini miaka thelathini na tano, na alitazama kwa muda mrefu. "Koo safi," akasema. "Hakuna wekundu, hakuna uvimbe. Fundi, huyu haumwi. Sauti haimo tu." Akazima tochi, akavuta kiti, akaanza kuizungusha pete yake kidoleni. "Kuna kitu sikukwambia. Sikujua kina maana. Pale trela liliposimama palikuwa na kisima. Tulikifukia mwaka uleule tuliohamia."

"Kwa nini?"

"Watoto wangu walipenda kuinama na kupiga kelele, wasikie mwangwi." Akashusha sauti. "Mwangwi ukawa unawahi. Mtoto anataka kusema jina lake, kisima kimeshalisema. Yule mdogo akapotelewa na sauti wiki nzima. Mume wangu akaleta malori mawili ya kifusi, akaniambia tusizungumze habari hiyo tena."

Fundi akaikumbuka fimbo ilivyozama. Aliogopa, na palepale hasira ikamshika, hasira juu ya mama mtu mzima aliyeikalia habari kama hiyo. Lakini aliyeipiga ile nyundo hakuwa nesi. Akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa anajaribu kutamka "baba" na kuishia kupumua, na hasira yote ikamrudia mwenyewe.

"Mama, nitafutie mtu," akasema.

Mtu aliyekuja kesho yake, saa hiyohiyo ya jua la utosi, alikuwa mfua mashuka wa hospitali alikofanyia kazi nesi, mwanamke mfupi mkavu, mikono imebabuka kwa sabuni, masikio yamepungua nguvu kwa ngurumo za mashine za kufulia. Walimwita Bi Kimya. Waganga wengine huimba, huamrisha, hutukana, yeye hunyamaza. Waliotibiwa naye walisema hakuna kitu jini anachokichukia kama kutosemeshwa. Alilizunguka trela mara moja, akanusa kitasa, akaweka kiganja juu ya kichwa cha fimbo na kukiondoa upesi.

"Umekifungulia njia," akamwambia fundi kwa sauti ya chini. "Waya wako umeshuka mpaka kilipolala, nacho kimepanda. Halafu ukakiuliza, kikakujibu. Kila kikijibu kinakunywa sauti ya binti yako. Kikiimaliza, kitataka na mwili wa kuisemea."

"Basi niing'oe fimbo."

"Ukiing'oa sasa kitabaki huku juu, na sauti yake tumboni. Hapana. Rudisha kila kitu kama siku ile: kebo, fyuzi, betri. Binti akae kitandani, kwa sababu sauti yake imo mle na itamrudia yeye tu. Mimi nitashika fimbo. Nikiinua mkono, washa. Kikiona njia iko wazi na hakuna anayekiita, kitarudi kisimani kwake." Akamkazia macho. "Ila siku ile uliuliza. Leo usiulize. Asiulize mtu, asijibu mtu, mpaka fimbo itoke. Njia ikiwa wazi, anayeitika ndiye anayekipokea. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Siulizi masikio yako. Nauliza mdomo wako."

Binti akamgusa baba yake begani. Akatabasamu, akajifanya anaufunga mdomo kwa zipu na kuutupa ufunguo, maana alikuwa mtu wa masihara hata bila sauti. Kisha akapanda ngazi, na pazia likafunga nyuma yake.

Fundi akasimama mlangoni, mkono kwenye swichi. Kulia kwake, uani, Bi Kimya alikuwa amechuchumaa juu ya fimbo. Nesi alikuwa amesimama mbali kwenye kizingiti cha jikoni, viganja mdomoni. Kushoto kwake kulikuwa na pazia tu. Pampu ikaanza, inavuta na kuachia, na harufu ya maji yaliyolala ikapanda kutoka sakafuni hadi akaihisi kwenye ulimi, na nyuma ya pazia, katika ule mwanga wa njano, akaona kivuli cha mwanawe kimeketi kitandani, kimejikunyata, kisha kando yake kivuli kingine kikiketi polepole, bega kwa bega, na nailoni ikakwaruza, na Bi Kimya akainua mkono, na kiganja cha fundi kikakaza swichi, na hapo hakuliona jini wala trela, aliona mtoto wa miaka kumi na saba ameshika waya upande wa pili na baba yake hajauliza, hajauliza, hajauliza, na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Tayari?"

Ilitoka ndogo, pumzi tu. Na kutoka nyuma ya pazia ikajibiwa, safi, bila mkwaruzo wowote: "Tayari!"

Mkono ulikuwa umeshapandisha swichi. Taa tano zikawaka nyeupe, na ile ya kitandani ikazima. Pampu ikakata. Joto la mchana likaingia mlangoni kwa mkupuo, harufu ikaondoka, na uani Bi Kimya akaing'oa fimbo kwa mikono miwili. Ilitoka imelowa, imepakwa tope jeusi kutoka ncha hadi kichwa, katika ua ambao haukuwa umeona mvua kwa miezi.

Bi Kimya akaja akiwa anahema. "Nimesikia kitu. Umesema?"

Fundi angeweza kusema kweli. Tangu hapo alijiuliza kila siku kwa nini hakusema. Lakini taa ilikuwa imezima, fimbo imetoka, na nyuma yake mwanawe alikuwa anavuta pazia na kuita "Baba!" kwa sauti nzima, tamu, ya siku zote, na mtu aliyerudishiwa kitu kama hicho haanzi kukikagua.

"Hapana, bibi," akasema. "Sijasema."

Bi Kimya akamgeukia binti. "Nawe, umemjibu m—"

"Sijamjibu mtu, bibi," akasema binti.

Bi Kimya akamtazama mdomoni. Kisha akafunga mkoba wake na kuondoka bila kuaga. Nesi alikuwa analia kwa furaha, fundi pia alikuwa analia, kwa hiyo hakuna aliyemsindikiza.

Wiki iliyofuata walikuwa na kazi kwenye duka la kushona nguo, soketi zilikuwa zinaunguza plagi za vyerehani. Binti aliimba njia nzima. Fundi alimsikiliza, akajiambia hofu ni kitu cha kupita. Walipofika alizima umeme wa duka lote kwenye swichi kuu, iliyokuwa chumba cha pili nyuma ya ukuta, akarudi akapiga magoti mbele ya soketi, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipe te—"

"Testa," akasema binti, na ilikuwa imeshafika.

Alimpa kama alivyomfundisha, mpini mbele, yeye ameishika ncha ya chuma. Dole gumba la fundi likakaa juu ya kichwa cha mpini, kwa mazoea.

Kitaa kikawaka chekundu.

Fundi alikitazama kilivyowaka kati ya mkono wake na kile kiganja chenye kovu. Binti hakuwa amegusa kitu kingine chochote. Alikuwa anamtazama kwa upendo, kichwa upande, na kulikuwa na harufu ya udongo mbichi dukani mle katikati ya vitambaa. Kisha akaiachia ncha, kitaa kikazima.

"Malizia, baba. Mimi naenda kwenye swichi."

Nyayo zikaenda nyuma ya ukuta, zikasimama. Fundi akaondoa mikono kwenye nyaya, akaibana yote miwili mdomoni. Kwa miaka tisa hakuwahi kuwa na jambo alilolitaka zaidi ya hili, binti yake aulize kabla ya kuwasha, na sasa alijua kwamba akijibu amekwisha.

"Tayari?" akaita binti.

Hakujibu. Machozi yalimtiririka juu ya vidole, akazidi kuubana mdomo.

"Tayari?"

Na kutoka hukohuko nyuma ya ukuta, kando kabisa ya sauti ya binti, sauti nzito ya mwanamume mtu mzima, sauti yake mwenyewe, ikajibu kwa uchangamfu: "Tayari!"

Swichi ikapanda. Taa za duka zikawaka, nyeupe, bila kupepesa hata kidogo. Fundi akatoa mikono mdomoni, akavuta pumzi amwite mwanawe kwa jina alilompa yeye na marehemu mama yake.

Hakikutoka kitu.